Homa Yangu na Sindano ya Kuvukia Oraba

Nina homa. Sisemi nilikuwa nayo. Nasema ninayo, kama mwenzangu anavyosema ana mume au ana kiduka. Huondoka yenyewe bila kuaga, nikashona mashuka yangu kwa raha, nikagombana na wateja vizuri tu, nikaanza kusahau. Halafu asubuhi moja naamka magoti yananiuma na ulimi una ladha ya chuma, najua mwenyewe amerudi. Hukaa siku mbili tatu, nyingine wiki nzima, kisha huenda zake. Miaka sasa.

Koboko, nilikozaliwa mtoto wa askari na ninakotarizi mashuka ya maharusi hadi leo, homa isiyo na jina haikubaliki. Mtu akipata joto ni malaria, na kama si malaria ni taifodi. Ukiingia duka la dawa pale sokoni, kabla hujamaliza kueleza, muuzaji ameshashika mkasi anakata vidonge. Nimemeza dawa za malaria mpaka masikio yakavuma, na damu yangu ikipimwa haina malaria. Nimechomwa sindano za taifodi mpaka kukaa kwenye cherehani ikawa shida. Kule Arua wamenipima ukimwi, kifua kikuu, ini, mkojo, kila wanachoweza kukiweka kwenye kichupa, na kila jibu lilikuwa zuri. Nakuapia hakuna kinachochosha kama kuambiwa huna kitu huku meno yanagongana.

Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Lobule, alisema ni mambo ya kambi ya askari, kwamba baba aliishi na watu wengi na si wote walikuwa watu. Jirani yangu, mama mkimbizi kutoka ng'ambo, mlokole wa kweli kweli, alisema ni shetani wa kawaida tu, akaja na wenzake wakaniwekea mikono. Dada akaniletea maji ya kusomewa Kurani. Nilipokea yote mawili kwa adabu, na homa ikapokea yote mawili, ikarudi Jumanne.

Ningeendelea kuishi nayo hivyo, maana mtu huzoea. Lakini binti yangu akapata mimba.

Ni mtoto wangu wa pekee. Aliolewa Yei, ng'ambo ya mpaka, kwa kijana anayeuza vipuri vya pikipiki, mtu mpole asiyejua kubishana, nikaridhika naye. Sasa kwetu sisi, watoto wa kambi, mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Binti huja kwa mama yake kujifungua, na mama ndiye humkanda kwa maji ya moto, humpikia uji, humkalisha kwenye moshi wa miti ya dawa, humlinda siku arobaini asitoke nje wala asiguse maji baridi. Mama yangu alinifanyia mimi. Mwanamke anayejifungua bila mama yake karibu huhurumiwa na watu, na mama yake husemwa. Kila kitu nilikuwa nimeshaandaa, hata beseni jipya. Kisha binti akapiga simu kwamba ameona damu, na mkunga wa kule amemkataza safari. Sikumlaumu mkunga. Barabara ya Yei mpaka Kaya, pale mpakani, inaweza kumzalisha hata mwanamume.

Basi kama yeye haji, ni mimi niende. Niliogopa ile damu. Sikulala vizuri tena tangu simu ile, na kila nilipotia uzi kwenye sindano niliona kitanda chake.

Kwenda Kaya kununua kitu na kurudi hakuna anayekuuliza. Lakini ukitaka kupita uende mbele, pale mpakani Oraba wanataka kadi ya njano, ile inayoonyesha umechanjwa homa ya manjano. Nilikuwa sina. Walipopita wachanjaji mashuleni na sokoni, wengine wote walichanjwa, na mimi nilikuwa kitandani nimejifunika blanketi mbili, jua la saa saba.

Nikaenda kituo cha afya. Asubuhi hiyo homa ilikuwa inaondoka, lakini bado ilikuwa na mguu mmoja ndani. Muuguzi, msichana mwenye sauti ya upole, alinielekezea kile kipima joto cha bastola kwenye paji la uso. Mimi binti wa askari sipendi kuelekezewa kitu usoni, lakini nilitulia. Kikalia. Akaniambia, "Mama, mwili yako iko moto. Rudi nyumbani, ukipona utakuja."

Nilicheka. Yeye alidhani ninamdharau, nikalazimika kumweleza. Alisikiliza yote, hana haraka, ndipo akanieleza jinsi ile chanjo ilivyo. Alisema ndani yake kuna ugonjwa wenyewe, uliodhoofishwa usiweze kumwangusha mtu, ili mwili uujue na kujifunza kuupiga. Kwa watu wengi haileti shida. Lakini mtu ambaye mwili wake una jambo lisilojulikana, ni vizuri daktari amwone kwanza. Alisema kwa nia njema, nami nikatoka pale nimevurugika kuliko nilivyoingia.

Maana mpaka dakika ile sikuwa nimeiogopa sindano. Nilikuwa naogopa mpaka tu. Sasa nikaanza kuwaza: mwili wangu unapigana na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Sijui kama unashinda au unashindwa. Halafu niuletee mgeni mwingine mlangoni, hata kama ni mgeni dhaifu? Na kama vita vile viwili vikiungana? Lakini pia nikawaza kwamba kama mwili wangu ni dhaifu, basi mimi ndiye wa kwanza kuhitaji kinga, na huko ninakokwenda mbu hawaulizi mtu ana shida gani. Nilikuwa nawaza hili mpaka linaniingia, kisha nawaza lile mpaka linaniingia vilevile.

Nilikwenda Arua. Daktari wa kwanza alikuwa kijana, ana macho ya mtu asiyelala. Alisoma majibu yangu yote ya zamani, akaagiza vipimo vingine, navyo vikatoka vizuri tena. Alisema haoni sababu ya kunizuia. Akasema siku nisipokuwa na joto nichanjwe, kwa sababu homa yangu hajui ni nini lakini homa ya manjano anaijua inafanya nini. Nikamwuliza kama anaweza kuniapia hakitatokea kitu. Akasema hawezi kumwapia mtu yeyote kitu chochote, hata kwa panadol. Nilimpenda kwa kusema ukweli, na nikamkasirikia kwa sababu hiyohiyo.

Hapo ningerudi nyumbani nikawa na akili moja. Lakini shangazi wa mume wangu marehemu, ambaye nililala kwake, akanipeleka kwa daktari mwingine anayemwamini, mwenye zahanati yake mjini. Huyu naye ni mtu mzima, ana mvi, anaongea polepole. Akasema angekuwa yeye angesubiri mpaka chanzo kijulikane. Nikamwuliza kitajulikana lini. Akaniandikia risiti.

Nilirudi Koboko nimekaa dirishani. Kijiji cha Manibe kikapita, watu wanapalilia mihogo, mmoja akanyoosha mgongo kutazama gari letu. Nilimwonea wivu. Nilijiambia yule akiumwa anaumwa kitu. Madaktari wawili wenye makoti meupe, mmoja nenda, mmoja ngoja, na wote wawili huenda wana haki. Nilitaka mmojawapo awe mjinga ili mambo yawe rahisi, na hakuna aliyenisaidia.

Jirani yangu, nilipomweleza, aliniambia kuna watu mpakani wanauza kadi bila sindano, wengi wanapita hivyo. Alisema kama anayenipa njia ya mkato ya kwenda kisimani. Nikamwuliza, nikiugua huko homa ya manjano, nitaionyesha kadi iogope? Akanuna siku nzima. Lakini nisijifanye mtakatifu: kwa siku kadhaa nililitazama jambo lile kila nilipoketi kushona, na binti alipopiga simu kwamba miguu imevimba, nililitazama zaidi.

Kisha ikaja wiki njema. Magoti kimya, ulimi safi, chai ina ladha ya chai. Dada akaniita Lobule kula, na nilipomwambia kwamba kesho nakwenda kujaribu tena sindano, akasema basi nisiende hivihivi. Ana shimo lake la moshi nyuma ya nyumba. Unawasha vijiti vya mti wa dawa, unakaa juu ya shimo umejifunika blanketi mpaka shingoni, moshi unakupanda, unatoka jasho mpaka unahisi mifupa inalainika. Sisi tunaita dukhan. Bibi harusi hukaa, mzazi hukaa, na mtu anayetaka kutoa uchafu mwilini hukaa pia. Dada alisema homa iliyojificha itatoka yote kwa jasho, kipima joto kisikute kitu. Maneno yake yaliniingia akilini kabisa. Nilikuwa nimesikiliza madaktari wawili, nikaona kwa nini nisimsikilize na dada yangu.

Kesho yake alfajiri nilikaa kwenye moshi kama mwali. Nikatoka nimekuwa mwekundu, nanukia vizuri, nikajipaka mafuta, nikapanda bodaboda kutoka Lobule, jua limeshawaka, na ile barabara haina kivuli. Nikafika kituo cha afya nimejaa furaha, nikanyoosha uso mwenyewe kabla sijaambiwa. Kikalia.

Nilimwambia muuguzi leo mimi ni mzima. Akasema, "Mama, mashine inasema mwili yako iko moto." Wanawake kwenye benchi wakanusa, mmoja akaanza kucheka, na hapo muuguzi naye akaelewa, akacheka, akaniambia nikae kivulini nipoe. Nilikaa. Akapima tena, imeshuka lakini haijashuka vya kutosha. Akapima mara ya tatu, vilevile. Sasa hakucheka. Aliniuliza nina hakika ni moshi tu?

Hilo swali ndilo lililoniangusha. Kwa sababu nilipotaka kujibu, sikujua. Nilijisikiliza magoti na nikasikia kama yanauma. Nilimeza mate na nikaona kama yana chuma. Je, homa ilikuwa imekuja ikajificha kwenye moshi, au ni mimi ninayeiita? Miaka yote hiyo nilikuwa najivuna kwamba hakuna aijuaye homa yangu kama mimi, na pale kivulini nikagundua nami siijui. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia wazi, na watu wa Koboko wakanipisha njia wakidhani nimefiwa.

Jioni nilimpigia binti nikamwambia yote. Akaniambia nisichomwe sindano kwa ajili yake, mama mkwe wake yupo. Nilimfokea. Nilimwambia mimi ndiye mama. Kisha simu ikawa inakula salio, hakuna anayetaka kukata.

Watu huniuliza mwishowe niliamuaje. Sikuamua. Nataka hilo lieleweke. Nilikwenda tena baada ya siku chache, bila moshi, bila hakika, nimeoga maji ya baridi, na bado kichwani madaktari wawili wanabishana. Nilikaa kwenye benchi nikijiambia nitakapofika mbele nitajua. Mama wa mbele yangu akaitwa, kisha nikaitwa mimi, paji la uso likakubaliwa, na mkono wangu ukatoka kwenye kanga wenyewe. Nilipokuwa bado natafuta la kusema, muuguzi alikuwa ameshanibandika pamba.

Kadi hiyo haianzi kazi siku hiyohiyo. Inabidi kungoja siku kumi. Na ndani ya siku hizo, unajua nani alikuja.

Alikuja mchana nikiwa nakata kitambaa. Nilikaa chini palepale sakafuni. Hofu iliyonishika siwezi kuieleza vizuri. Kwa miaka nilikuwa na homa moja nisiyoijua, sasa ningeweza kuwa na mbili. Muuguzi alikuwa ameniambia sindano yenyewe huweza kuleta joto dogo siku chache baadaye, ni kawaida, na likizidi nirudi. Lakini la kawaida kwangu ni lipi? Nilikwenda kumwona. Akaniuliza, "Hii ya leo na ile ya siku zote, iko tofauti?" Nikafikiri sana, maana nilitaka kuwa mkweli. Nikamwambia hii ina magoti, kwa hiyo ni yangu, lakini ina kichwa pia, kwa hiyo huenda si yangu. Aliandika kitu, akanipa panadol, akaniambia nisikae peke yangu. Jirani mlokole akaja kulala kwangu, tena hakuleta shetani katika maongezi hata mara moja. Ikaondoka siku ya tatu kama zinavyoondoka zote. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

Na kabla siku za kungoja hazijatimia, mkwe wangu akapiga simu. Mtoto wa kiume. Mapema kidogo, lakini analia vizuri. Mama mtu alipoteza damu, wakamwahi. Nilikaa na simu mkononi nikawaka hasira. Nilikasirikia homa, madaktari wote wawili, moshi, Oraba na mwili wangu wenyewe. Kwamba binti alikuwa amezaa na yeye na mtoto wako hai, hilo liliniingia jioni, nilipokuwa nachambua mchele, nikauacha mchele.

Pale mpakani nilipita bila neno. Walinielekezea ile bastola yao, haikulia. Walitazama kadi kama wanavyotazama kitu chochote, wakatazama mtu wa nyuma yangu.

Yei nilimkuta mama mkwe wa binti yangu ameshika kila kitu. Mwanamke mrefu, Mkristo, mkulima, hana maneno. Lakini alikuwa amemuuliza binti yangu desturi zetu moja moja, na alikuwa amezifuata zote, maji ya moto, uji, hata moshi, alichimba shimo mwenyewe. Alikuwa amefanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi, na hilo pia liliniuma. Nilimshukuru kwa sauti ndogo, nikashika beseni.

Arobaini ilipotimia tulimtoa mzazi na mtoto. Tuliwapaka mafuta, tukawavalisha, na safari yao ya kwanza nje ya nyumba ilikuwa kwenda zahanati, kwa sababu ndio wakati mtoto huanza zile chanjo za paja. Mimi nilikuwa nimeamka na magoti yangu, lakini sikusema, siku ile haikuwa yangu. Tulikaa kwenye foleni, mtoto kwa binti yangu, na binti akanitazama sana. Akaniuliza kama imekuja. Nikakubali. Akageuza uso akatazama mtoto.

"Mama, hii homa yako, mimi pia iko nayo," akasema.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla hajaolewa, ilikuwa mara moja moja, na wakati wa mimba ikazidi. Leo pia ilikuwa imemshika. Alikuwa akinificha kwa sababu aliniona nahangaika na yangu, akaogopa nitajilaumu. Na nilijilaumu, papo hapo, kwenye benchi. Nilikuwa na beseni, na kanga, na mashuka niliyotarizi miezi, nikadhani hivyo tu ndivyo nilivyompa. Nilimshika mkono ukawa wa moto, nikashindwa hata kulia kwa sababu watu walikuwa wanatusikiliza.

Foleni ikasogea. Akaniuliza lile nililokuwa nimemuuliza kila mtu mwenye koti jeupe kati ya Koboko na Arua, ila sasa aliyeulizwa ni mimi. Alisema damu ya mtoto ni ya kwetu. Je, mtoto apigwe sindano, au tumrudishe nyumbani?

Nilitaka kumwambia tungoje. Nilitaka kumwambia twende kwanza Arua, kwa daktari kijana, au kwa yule wa mvi, au kwa wa tatu. Nikamwambia apigwe.

"Iko na hakika?"

"Hapana," nikamwambia. "Lakini pepopunda nimeona inaua mtoto, kambini, mimi nikiwa mudogo. Hii yetu bado hatujui."

Alimtazama mtoto, kisha akamfungua shuka. Muuguzi wa pale akasema mmoja wetu amshike miguu. Binti yangu akageukia ukutani, miguu nikaishika mimi. Mtoto akalia kilio cha kushangaa, kama mtu aliyedhani tunapendana, kisha akalala kwa hasira mpaka nyumbani.

Tulikuwa tumeambiwa huenda akapata joto kidogo, tumwangalie. Basi tukamlaza mkekani kati yetu. Binti akaweka mkono kwenye paji lake, akasema anaona kama ni wa moto. Nikaweka wangu, nikaona kama ni wa baridi. Tukabadilishana, tukajaribu shingo, tukajaribu tumbo, na ndipo tukatazamana, kwa sababu mikono yetu yote minne ilikuwa na homa na hakuna uliokuwa na haki ya kusema. Ikabidi tumwite mama mkwe kutoka jikoni. Alikuja akipangusa unga, akapiga magoti, akaweka kiganja chake kwenye paji la mtoto, akakaa nacho pale huku sisi wawili tukimtazama mdomo.

"Joto ya mutoto tu," akasema, akarudi kwenye unga wake. Tulikaa kidogo, kisha tukamwita tena.